Naongeza poda, uso unazidi kuwa mabaka

SWALI: Dada mambo, mimi nauza duka la vitambaa Kariakoo, nakaa Mbagala. Asubuhi natoka home uso uko freshi nimepaka poda vizuri kabisa, ila nikishuka tu kwenye daladala pua ishaanza kung'aa na ikifika saa tano utadhani nimepakwa mafuta ya maandazi. Nikiongeza poda inafanya mabaka na puani inakatika vipande. Wenzangu wanasema nipake poda ya watoto ndo inakausha. Nisaidie jamani.

JIBU: Poa mpenzi, pole na joto la Dar. Ngoja nikuulize, hiyo saa tano ukiongeza poda unatoa mafuta kwanza? Maana hapo ndo wengi tunaharibu. Poda kazi yake ni kunyonya mafuta, haiyazuii yasitoke, sasa ukiipaka juu ya mafuta na jasho ni sawa na kumwaga unga kwenye maji kidogo, lazima yatoke madonge.

Chukua tishu, zile za tabaka mbili, uzitenganishe ubaki na moja nyepesi. Ibandike puani, ikandamize kwa kidole taratibu, usisugue, ukisugua unaondoka na faundesheni yote. Ukiibandua utaona imekuwa kama karatasi ya chapati. Rudia kwenye paji la uso na kidevuni, halafu ndo ushike pafu, kile kisponji cha kupakia poda, chota poda kidogo, ligonge mgongoni mwa mkono poda ya ziada idondoke, kisha gandamiza palepale panapong'aa. Mashavu yaache, hayana kesi. Na hilo pafu lifue jamani, angalau kila wiki! Kuna watu pafu limeshakuwa jeusi na gumu kama gaga halafu wanashangaa chunusi zinatoka wapi.

Asubuhi je? Osha uso kwa sabuni laini ya uso, mimi kipindi fulani nilikuwa naoshea sabuni ya mche eti nikate mafuta, uso ukawa unakaza hadi kucheka shida, pembeni ya pua napauka huku paji bado linang'aa. Kwa hiyo usiniige. Paka losheni nyepesi na sanskrini ya kukinga jua, zile zisizo na mafuta mengi, halafu nenda kanywe chai kwanza, dakika kumi hivi ziingie, maana poda ikikuta losheni bado mbichi inashika hapa inaacha pale.

Hiyo ya watoto achana nayo. Ni nyeupe, kwa ngozi zetu inaleta majivu, na hilo vumbi ukilivuta kila siku sio zuri kwa mapafu. Nina picha ya kitchen pati ya binamu yangu, imepigwa na flashi, mimi nimekaa mstari wa mbele kama nimetoka mashine ya kusaga, na kwenye kioo nyumbani nilijiona nimependeza kweli.

Nunua poda ya rangi yako, jaribu kwenye taya sio mkononi, na utoke nje ya duka uangalie juani, taa za dukani zinadanganya sana. Kama una chunusi kubwa zinazouma muone daktari wa ngozi, ila muuzaji akikwambia ana krimu ya kukata mafuta na kung'arisha kwa pamoja, ya kopo lisilo na lebo, mwambie unarudi kesho halafu usirudi.