Hiyo 20 usiiandike, mdogo wangu

Umeuliza viatu, umeuliza namna ya kusoma anatomia, umeuliza kama upange chumba Makorora au ukae bwenini, halafu mwisho kabisa ukachomekea kwamba kaka mmoja wa mwaka wa pili wa uuguzi amekutoa hofu ya wodini, kuhusu kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika: "upumuaji hatuhesabu, andika 20 kwa kila mgonjwa, hakuna anayeangalia." Nimeishia hapo hapo. Jumatatu unaingia wodini na ushauri huo kichwani, salamu zitasubiri.

Usiandike 20. Usiandike namba yoyote ambayo hukuihesabu wewe mwenyewe, kwa macho yako, dakika nzima.

Maneno hayo niliambiwa na mimi, Tanga hii hii, na dada aliyenitangulia chuoni. Nilimwamini kwa sababu ndiye aliyekuwa akinifundisha kutandika kitanda na kufunga mkanda wa presha. Nikapangwa wodi ya watoto. Asubuhi madaktari wako njiani kupita wodini, chati hazijajazwa, na kila mtu anasema "wahini, wahini". Nikafika kwa mtoto wa miezi kumi, mama yake ametokea upande wa Mkinga, amempakata ndani ya kanga. Nikaweka kipimajoto kwapani: 38.9. Mapigo nikashika. Kwenye upumuaji nikaandika 20, nikahamia kitanda kingine.

Mkufunzi akaja nyuma yangu, akasoma chati, hakuniuliza kitu. Akafungua kanga, akapandisha fulana ya mtoto mpaka kifuani, akavua saa yake akanipa. "Hesabu kwa sauti." Nusu dakika haijaisha nimeshapita 30. Dakika ilipotimia nilikuwa kwenye 64. Puani panatanuka, na kila akivuta hewa nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani. Yote hayo yalikuwa mbele yangu muda ule nilipoandika 20, ila fulana sikuipandisha. Mama yake akanitazama akasema, "Kwani mara ya kwanza ulihesabu saa ngapi, mwanangu?" Alikuwa amenifuata kwa macho tangu nilipomfikia.

Mtoto akawekewa oksijeni, akaanzishiwa sindano za nimonia kali. Alipona, alhamdulillahi, nilimwona akitoka. Lakini kuna kitu kwenye ile chati nataka ukijue. Juu ya 20 yangu kulikuwa na 20 nyingine, na juu yake nyingine tena, kila moja mwandiko wake. Usiku kucha yeyote aliyeishika alisoma kwamba mtoto anahema vizuri. Tena 20 kwa mtoto wa umri ule ni ndogo mno, nayo peke yake ingetosha kumshtua mtu. Haikumshtua yeyote, maana macho yameshaizoea.

Kitabu changu cha vitendo hakikusainiwa. Wenzangu walipofunga chuo kwenda makwao mimi nilibaki kurudia wodi ile, na kodi na chakula cha muda wote huo vililipwa na mama yangu kwa machungwa anayouza Muheza barabarani. Nilipomfuata yule dada kumweleza yaliyonikuta, alinijibu, "Sasa si ungeandika 40, mtoto yule." Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo damu inanichemka. Mtu ameambiwa kuhusu mtoto aliyekuwa akitafuta hewa, yeye anawaza namba ipi ingepita bila kushtukiwa. Na huyo kaka yako naye, naona hata ukimtuma akahesabu mbuzi wa Idd atarudi na 20.

Sikiliza kwa nini nang'ang'ania hili. Mgonjwa anapoanza kuharibikiwa, pumzi mara nyingi hubadilika mapema, presha ikiwa bado inasoma vizuri. Nimonia, malaria kali, upungufu mkubwa wa damu, sukari iliyopanda mpaka damu ikawa na asidi, maambukizi yaliyoingia kwenye damu: zote zinaweza kuonekana kifuani mapema. Mtu mzima aliyetulia anahema mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi za haraka ni 60 au zaidi akiwa chini ya miezi 2, ni 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla hajatimiza miaka 5. Hizi zikariri kabla hujakariri mfupa hata mmoja.

Ukifika wodi ya wazazi ndiyo utaogopa zaidi. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti, na dawa hiyo ikizidi mwilini inazima pumzi. Kabla ya kurudia dozi lazima ahakikishwe anahema angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti inakaa karibu kwa ajili ya dharura. Sasa fikiria mama anahema mara 10, wewe umeandika 20, na anayekuja na sindano anasoma mwandiko wako.

Namna ya kuhesabu. Mtu mzima usimwambie kwamba unahesabu pumzi zake, akijua atabadilisha. Ukimaliza mapigo, vidole vibaki pale pale mkononi kama bado unaendelea, macho yahamie kifuani. Kupanda na kushuka ni moja. Mtoto mhesabu akiwa ametulia. Akilia subiri, mwachie mama ambembeleze. Nguo ipande, uone tumbo na kifua. Na usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, hasa kwa mtoto mchanga, maana anahema haraka, anatulia kidogo, anaanza tena.

Ukikuta wagonjwa wamejaa na wewe uko peke yako, ambao hukuwafikia waachie nafasi wazi kwenye chati, kisha mfuate inchaji, yaani msimamizi wa wodi, umtajie vitanda vyenyewe. Atakufokea, huenda mbele za watu. Vumilia. Nafasi iliyo wazi itamfanya mwingine aende kumtazama mgonjwa.

Viatu: vifunike vidole, soli isiteleze, viwe vya kuoshwa. Jozi moja inatosha kuanzia. Hela ya jozi ya pili nenda Ngamiani ukanunue saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde, ukiwa umevaa sare uisome bila kugusa chochote. Usitegemee simu, wodi nyingi hawataki kukuona nayo mkononi.

Kabla ya Jumatatu fanya mazoezi. Mwenzako akilala mchana, kaa kando ya kitanda uhesabu dakika nzima, kisha urudie mpaka namba zikaribiane. Ukipata ndugu mwenye mtoto mdogo nyumbani ndiyo bora zaidi, wale ndio wagumu kuwahesabu.

Ya Makorora na bweni watakujibu wanaoishi huko sasa hivi, kodi za siku hizi sizijui.