Shokapu za motokrosi kwenye DR650

Mkuu, umeuliza kama shokapu za mbele za pikipiki ya motokrosi (mbio za njia za udongo) zitakaa kwenye hiyo pikipiki ya safari, Suzuki DR650, unayoijenga kwa vipuri vya kutafutatafuta. Zitakaa, ila usinunue kabla hujapima shingo ya fremu, yaani bomba la mbele ambamo usukani huzunguka: urefu wake, na vipenyo vya beringi ya juu na ya chini. Kisha chukua shokapu, vishikio vyake (vyuma viwili vinavyozibana kwenye shingo), ekseli, rimu na breki kutoka pikipiki moja. Ukichanganya, utamlipa fundi wa kuchonga vyuma mara mbili, hilo nimelipitia mwenyewe. Mbele ikipanda, usukani unakuwa mzito kwenye kona, hivyo nyuma nayo ipande. Springi za motokrosi hazikuundwa kwa masanduku ya safari, zibadilishe. Na tenki la mafuta la kiwandani la DR650 ni lita 13 tu. Tafuta la 20 mapema.