Saa ya ukutani yenye ndege ikichelewa Mombasa, usikimbilie fundi

Mtu akirudi kutoka Ujerumani na ile saa ya mbao ya eneo la Schwarzwald, yenye ndege anayetokeza kuita kila saa, haupiti muda utamsikia analalamika: inachelewa, imeharibika safarini. Aghlabu haijaharibika. Imehama tu.

Saa hii huongozwa na pendulamu, kijiti kinachobembea kikiwa na jani la mbao, na kinachoirudisha pendulamu ni mvutano wa ardhi. Huku kwetu karibu na ikweta mvutano huo ni mdogo kidogo kuliko Ulaya, basi nayo hubembea polepole zaidi. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alikuta saa ya pendulamu iliyokuwa sawa Paris inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku kule Cayenne, Amerika ya Kusini. Cayenne iko digrii tano hivi kaskazini mwa ikweta. Mombasa iko nne kusini. Saa niliyoletewa na shangazi, iliyokwenda barabara nyumbani kwake Ujerumani, ilipofika Mji wa Kale ilianza kuchelewa dakika mbili hivi kila siku.

Dawa ni kupandisha jani. Likipanda saa hukaza mwendo, likishuka hulegea. Kwenye pendulamu ya sentimita 20, milimita moja ni zaidi ya dakika tatu kwa siku, kwa hivyo unachotafuta ni nusu milimita na ushei. Jani huwa limebana, kisha huruka ghafla. Mimi hutia alama ya penseli nyuma ya kijiti kabla sijaligusa, nijue limetoka wapi. Halafu iache siku nzima, usiku na mchana. Ukiishikashika kila baada ya saa mbili hutajua lipi limefanya nini.

Lakini kwanza sikiliza mlio. Tik na tak ziachane sawasawa. Zikichechemea, saa imekaa upande na itasimama tu. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazinyooki, basi liamini sikio kuliko pima maji: sogeza chini ya saa kushoto au kulia, kidogo kidogo, mpaka mlio utulie. Na usiitundike chini ya feni wala mkabala na dirisha la kusi. Upepo huisumbua pendulamu.

Linganisha na saa ya simu, si adhana, maana magharibi husogea zaidi ya robo saa katika mwaka. Ukiiweka sawa, sukuma akrabu ndefu mbele, usiirudishe nyuma, na ikifika nusu au saa kamili mngoje ndege amalize kuita.

Ikiwa jani limefika juu kabisa na saa bado inapoteza robo saa kwa siku, huenda pendulamu si yake. Hapo nenda kwa fundi, na uibebe pendulamu hiyo pamoja na saa.