Swali la lugha: "Mac" ya Mackinnon ni "bin" yetu?

Msomaji ameuliza: "Tulipokuwa tukipita Mackinnon Road kuelekea Voi, mwenzangu aliniambia kuwa 'Mac' ya Waskoti ni sawa na 'bin'. Ni kweli? Na nikiandika habari za ukoo huo, niseme 'Wamackinnon' au 'akina Mackinnon'?"

Kwa maana ya neno, mwenzako amesema kweli. Katika Kigaeli cha Uskoti, "mac" ni mwana wa kiume. Mackinnon kwa asili ni Mac Fhionghuin, mwana wa Fionghuin, jina la kale linalofasiriwa kuwa mzaliwa mweupe, mwenye sura njema. Ukoo huo ni wa visiwa vya Mull na Skye.

Matumizi ndiyo yanayotofautiana. Bin yetu hubadilika kila kizazi: Salim bin Juma akizaa, mtoto ni Ali bin Salim. Mac imeganda. Mtoto wa Mackinnon ni Mackinnon, na mjukuu vilevile, kwa hiyo kikazi jina hili liko karibu zaidi na nisba kama Mazrui au Busaidi. Hata "binti" wanayo: mwanamke akitajwa kwa Kigaeli huitwa NicFhionghuin. Kwa Kiingereza tofauti hiyo hupotea, ndiyo maana mwanasheria wa Marekani Catharine MacKinnon anaandikwa kwa Mac.

Usitafsiri jina likawa "bin Kinnon". Na "Wamackinnon" siipendelei. Wabusaidi limezoeleka kwa nasaba iliyotawala, hili halijazoeleka. "Akina Mackinnon" ni Kiswahili safi, lakini angalia: huweza pia kumaanisha Mackinnon na wenzake. Ukiandika kwamba akina Mackinnon walipata hati ya kifalme mwaka 1888, msomaji ataelewa Sir William Mackinnon, tajiri wa meli mzaliwa wa Campbeltown, pamoja na washirika wake katika Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Huyo ndiye aliyeacha jina lake kwenye barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda bara, na kwenye mji mliopita. Ukikusudia jamaa wote, andika "ukoo wa Mackinnon".

Tahajia mfuate mwenyewe: Roderick MacKinnon, mshindi wa Nobel ya kemia mwaka 2003, ana K kubwa, Don McKinnon wa New Zealand, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, hana "a".