Usitoboe ukuta kabla hujajaribu kamera usiku

Mpigie fundi sasa hivi, mwambie Jumamosi asije.

Nimesoma uzi wako wa kufunga kamera za ulinzi mpaka chai imepoa. Fremu tatu, geti moja, kamera nne umeshanunua, unauliza diski ya ukubwa gani na fundi alipwe kiasi gani, halafu mwishoni kabisa, kama vile si kitu, unaandika "fundi kasema zote zikae juu chini ya bati ili wezi wasizifikie". Mkuu, hiyo sentensi niliambiwa mimi mwaka 2021, neno kwa neno, na niliilipia.

Nina duka la vifaa vya umeme Kimara, nyuma yake kuna uwanja na stoo. Fundi wangu alikuja na drili, na kabla sijamaliza kumkaribisha alikuwa juu ya ngazi, tundu la kwanza tayari. Mita nne na nusu kutoka chini. Nikamuuliza, si juu sana hapo? Akacheka kama nimeuliza kitu cha chekechea. "Bosi, hii megapikseli tano. Inaona mpaka sisimizi." Jioni ile, jua bado lipo, akanionyesha kwenye TV: uwanja wote, geti, hadi kuku wa jirani. Nikaona nimepatia maisha. Nikamlipa, nikamwongezea na ya soda. Hiyo ya soda ndiyo inaniuma hadi leo.

Miezi minne baadaye wakaja, saa nane kasorobo usiku. Roli 14 za waya na pampu mbili za maji. Asubuhi nalia lakini moyoni natabasamu, maana najua nimewanasa. Nikamkalisha askari mbele ya TV, nikabonyeza kwa madaha.

Juu ya picha kuna ukanda mweupe unawaka kama taa ya harusini. Chini yake giza. Ndani ya giza, kofia. Kofia inaingia, kofia inatoka na roli begani, kofia inarudi. Mara moja akainua uso, nikaruka kwenye kiti, "huyo!" Nikasimamisha picha. Uso umevutika kama unga wa chapati, huwezi kujua pua iko wapi. Askari akatazama mara tatu, akaniuliza taratibu, "Sasa huyu ni nani?" Nikamjibu ni mwizi. Akasema, "Kwamba ni mwizi nimeona. Ni nani?"

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye, baada ya kulipa ada. Usiku kamera inamulika kwa mwanga wa infraredi, sisi hatuuoni ila yenyewe inauona. Yangu ilikuwa na gata nyeupe sentimita 30 mbele ya lenzi. Mwanga unagonga gata, unairudia kamera usoni, nayo inadhani kumekucha, inajipunguzia mwanga, uwanja wote unazama. Huo ndio ule ukanda wa harusi. Gata hiyohiyo mchana haikuwa na shida yoyote, ndiyo maana picha ya fundi ilipendeza. Na kwenye giza kamera inakawia kufunga kila picha, kwa hiyo mtu anayetembea anavutika. Mchana hulioni hilo hata ukeshe.

Halafu kimo. Mtu akiwa mita tatu kutoka ukutani na kamera iko mita nne na nusu juu, unamtazama usoni kwa mwinamo wa nyuzi kama 44. Kofia ya shilingi elfu tano imeshamaliza kazi. Ishushe mpaka mita mbili na nusu, mwinamo unabaki nyuzi 17 hivi, unachungulia chini ya ukingo wa kofia. "Wataivunja!" Waivunje. Ili mtu aivunje lazima aisogelee, na akiisogelea imeshamchukua vizuri kuliko picha ya paspoti. Moja iache juu ilinde hizo za chini, basi.

Na huyo muuzaji aliyekwambia "inafika mita 30, imeandikwa kwenye boksi", mwulize inafika kufanya nini. Hizo 30 ni mwanga kufika. Kumtambua mtu usiyemjua ni habari nyingine: kiwango cha Ulaya cha mambo haya, EN 62676-4 toleo la 2015, kilitaka pikseli 250 (vile vidoti vinavyounda picha) kwa kila mita ya upana wa eneo unalotazama. Kamera yangu ilikuwa na pikseli 2560 kwa upana, lenzi ya milimita 2.8 inayotawanya macho kama nyuzi 100. Piga hesabu: sura inatambulika mpaka kama mita nne. Geti langu liko mita 11. Lenzi ya milimita 6, inayotazama eneo jembamba zaidi, ingefika karibu na hapo, ila fundi alikuwa na boksi la 2.8 la kumaliza, na mimi ndiye niliyemmalizia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: hakuna kutoboa kabla ya usiku mmoja wa majaribio. Fanya hivi. Chukua mrunda wa ujenzi, usimamishe kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa kokoto. Kamera ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili uipandishe na kuishusha bila kubembeleza mtu. Waya tandaza chini tu. DVR, yaani kisanduku cha kurekodia, na TV ndogo weka kwenye stuli palepale nje. Subiri giza lenyewe, saa mbili na kuendelea, si magharibi.

Sasa tafuta kijana asiyekuwa wa nyumbani kwako, maana wa kwenu utamtambua hata kwa mwendo, utajidanganya. Avae kofia. Apite alivyopita mwizi, haraka, ameinamisha kichwa, asisimame kupiga pozi. Rekodi, halafu rudisha nyuma, simamisha, mwite mkeo au jirani anayemjua kijana huyo kwa sura, aseme ni nani. Asipomjua, sogeza mrunda nusu mita, rudia. Taa zote za nje zikiwaka, kisha zote zimezimwa, kwa sababu siku ya tukio umeme hautakuaga. Mimi nilipofunga kamera upya kwa njia hii nilihamisha kamera ya geti mara sita usiku mmoja. Sita! Mlinzi wa jirani alidhani napandisha mashetani. Bila mrunda hayo yangekuwa matundu sita ukutani.

Asubuhi iache palepale ukaone jua linapochomoza linaingia wapi. Nyingine yangu ilikuwa inatazama mashariki, kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu ilikuwa inarekodi Mwenyezi Mungu tu. Buibui nao wanapenda kutanda utando kwenye kamera, pitisha ufagio kila wiki.

Uliuliza kitu kuhusu diski na bei ya ufundi, eeh, wataalamu wa hayo watapita hapa. Wewe kwanza ahirisha Jumamosi. Fundi akikwambia kujaribu usiku ni kumpotezea muda, mwache aende na drili yake.

Mrunda wangu bado uko hapa nyuma ya duka, na tundu za misumari ya kupimia kimo nimeshaziweka. Njoo uuchukue bure. Ndoo ndiyo unirudishie, ni ya mama watoto.