Kuishi Aachen, kazi Maastricht: makato, bima, Kindergeld na pensheni (jibu refu kwa mleta mada)

Dada, nimechelewa kuuona huu uzi, nilikuwa shifti ya usiku wiki nzima, ila nimelisoma swali lako mara mbili na majibu ya wadau hapo juu nimeyapitia, mengine ya kweli mengine ya kijiweni tu. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada anaishi Aachen (Ujerumani) na mumewe na watoto wawili, mume ana kazi hapo hapo Aachen, yeye kapata kazi ya ofisini Maastricht (Uholanzi), bosi kamruhusu siku 2 kati ya 5 apige kazi akiwa nyumbani, na wikiendi ana kibarua cha kuuza mikate Aachen ambacho hataki kukiacha. Anauliza makato ya hifadhi ya jamii yanaenda wapi, bima ya afya ipi, Kindergeld (posho ya watoto ya Ujerumani) inabaki au inaondoka, na pensheni je. Mdau mmoja kamwambia "utalipa kote kote", mwingine kasema hizi sheria ni za wazungu wenyewe.

Mimi niko Mönchengladbach toka 2007 na tangu 2016 nafanya kazi kwenye maghala ya Venlo, upande wa Uholanzi. Asubuhi treni, jioni treni, mpakani hata huoni kama umevuka, unajua tu kwa vile simu inatoa ujumbe wa kukukaribisha. Mpaka wenyewe umehamia kwenye makaratasi, na huko nimeshagonga ukuta zaidi ya mara moja.

Hilo la kote kote si kweli. Ipo kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 883 ya 2004, imeanza kutumika Mei 2010 (kabla yake ilikuwepo ya 1971, na ya kwanza kabisa ni ya 1958), inasema kwa wakati mmoja mtu anakuwa chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya nchi moja tu, na kwa kawaida ni nchi unakofanyia kazi, siyo unakolala. Ukifanya kazi Uholanzi basi makato yako yanaenda Uholanzi hata kama hujawahi kulala huko usiku mmoja. Inahusu nchi zote 27 pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi. Kodi ya mapato ni habari nyingine kabisa, ina mikataba yake, msizichanganye, nusu ya ugomvi kwenye huu uzi ni watu kuchanganya kodi na michango.

Na hilo la wazungu wenyewe nalo hapana. Kanuni 1231 ya 2010 ilituingiza na sisi wenye paspoti za nje, mradi unaishi kihalali na maisha yako yanagusa nchi zaidi ya moja za Umoja (Denmark haimo kwenye hiyo). Ila sikiliza vizuri: hiyo inagusa makato na mafao, haikupi ruhusa ya kazi. Kibali cha Kijerumani peke yake hakikufungulii mlango wa kazi Uholanzi, na wapo waliodhani hivo wakaaibika. Mimi nilisubiri mpaka nikapata paspoti ya Kijerumani ndo nikaanza kuvuka, na sisi Watanzania mnajua maana yake, uraia pacha hatuna, niliirudisha ya nyumbani na wiki nzima sikuwa na raha.

Sasa dada, mzizi wa swali lako uko kwenye hiyo mikate, na hakuna aliyekugusia.

Ukifanya kazi nchi mbili kwa pamoja na mojawapo ndo unayoishi, wanaangalia kitu kimoja: kazi unayofanya kwenye nchi unayoishi imefika asilimia 25 ya muda wako au ya kipato chako? Ikifika, nchi unayoishi inabeba kila kitu, hata ile kazi ya ng'ambo. Mimi hili nilijifunza kwa viboko. 2018 nilikuwa na saa 36 Venlo, nikachukua kibarua cha Jumamosi na Jumapili kwenye sehemu ya kuosha magari hapa hapa mtaani, saa 14 kwa wiki, nikaona ni hela ya mboga tu. 14 gawa kwa 50 ni asilimia 28. Sikumwambia mtu maana sikujua kama kuna wa kuambiwa. Baada ya miezi minane hivi bosi wangu wa Venlo kaletewa barua: huyu mfanyakazi wako yuko chini ya sheria ya Ujerumani, jisajili huku na ulipe michango ya Kijerumani, na siyo kuanzia leo, kuanzia siku alipoanza kuosha magari. Bosi aliniita ofisini mlango ukafungwa. Bima yangu ya Uholanzi ikabidi ifutwe kinyumenyume, wairudishe premiamu, nikalipe michango ya nyuma ya Krankenkasse (mfuko wa bima ya afya wa Ujerumani), na sehemu yangu ya makato ikakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara karibu mwaka. Kibarua nilikiacha wiki ile ile. Hela yote ya kuosha magari ilirudi ilikotoka na nyingine juu yake.

Kwako ni kubaya zaidi kwa sababu ya hizo siku 2 za nyumbani. Kukaa na laptopu mezani kwako Aachen kunahesabiwa ni kazi iliyofanyika Ujerumani. Siku 2 kati ya 5 ni asilimia 40, yaani 25 umeshaipita hata kabla hujauza mkate mmoja. Kwa hali kama yako kuna makubaliano maalumu yaliyoanza tarehe 1 Julai 2023, Ujerumani na Uholanzi zote zimesaini, yanasema mtu akifanyia kazi nyumbani chini ya asilimia 50 anaweza kubaki kwenye hifadhi ya jamii ya nchi ya mwajiri. Safi kabisa. Lakini hayaji yenyewe, lazima yaombwe, na mwajiri wako Mholanzi ndo wa kuyaomba kwa SVB (ofisi ya hifadhi ya jamii ya Uholanzi), wao ndo wanatoa cheti cha A1, kile kinachosema uko chini ya nchi gani. Wakichelewa kuomba, kurudi nyuma ni miezi 3 tu, haizidi.

Na hapo ndo mikate inaharibu: hayo makubaliano ni ya mtu ambaye kazi yake kwenye nchi anayoishi ni hiyo ya kwenye laptopu tu. Ukiwa na kazi nyingine ya kawaida Ujerumani, hata ndogo, unatoka nje ya makubaliano na unarudi kwenye hesabu ya 25, ambayo umeshaipita. Maana yake Ujerumani inakubeba mzima mzima na mwajiri wa Maastricht atatakiwa alipe michango Ujerumani kama kampuni ya Kijerumani. Wengi wakisikia hivo wanaghairi kukuajiri, au wanakwambia njoo ofisini siku zote 5. Kwa hiyo chagua: ama mikate, ama siku za nyumbani. Ukibaki na mikate peke yake na Maastricht ukaenda siku zote 5, piga hesabu ya saa na ya hela, zote mbili zisiguse 25, na bado uwaambie, usifiche kama mimi.

Tuseme umeacha mikate na A1 ya Uholanzi umeipata. Bima ya afya unachukua ya msingi ya Uholanzi, ni lazima, ni kama euro 150 na kitu kwa mwezi. Iombe kampuni ya bima fomu ya S1, inayoonyesha kwamba matibabu yako yanalipiwa na Uholanzi, uipeleke kwa Krankenkasse yoyote ya Aachen, watakuandikisha na kukupa kadi. Daktari wako wa Aachen atakutibu kama jirani yako Mjerumani, bili wanamalizana wenyewe kwa wenyewe, na ukipenda hata Maastricht unatibiwa. Watu wengi hawapeleki S1 kwa sababu hawajui kazi yake, wanakaa na bima ya Kiholanzi tu, siku wameugua Aachen wanaanza kutembea na bili mkononi. Watoto wako, kwa vile baba yao ana kazi na bima Ujerumani, kawaida wanabaki kwa baba.

Ukiumwa sasa, utacheka. Mara ya kwanza naumwa nilienda kwa daktari hapa kwetu, akanipa karatasi ya kutokwenda kazini kama desturi ya Ujerumani, nikaituma Venlo nikalala. Bosi anapiga simu: karatasi gani hii, kwanini hukupiga asubuhi? Uholanzi kawaida hawaombi cheti cha daktari wako, unapiga simu mapema, na ukiendelea kuumwa unaonana na daktari wa kampuni. Cheti chako kitunze hata hivo. Lakini malipo ya ugonjwa ya Uholanzi ni mazuri aisee, mwajiri anakulipa angalau asilimia 70 ya mshahara mpaka wiki 104, Ujerumani mwajiri ni wiki 6 mshahara mzima halafu unahamia kwa Krankenkasse.

Kindergeld inabaki, usiwe na presha. Wazazi wakifanya kazi nchi mbili, nchi wanakoishi watoto ndo inalipa kwanza, ikiwa mmoja wenu ana kazi huko. Mumeo yuko Aachen, watoto wako Aachen, basi Ujerumani inatangulia, ambayo 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Uholanzi inatoa nyongeza pale tu ya kwao ikizidi. Omba SVB hata kama unajua utaambiwa sifuri, hiyo barua ya sifuri utaitwa uionyeshe siku moja.

Ila mume akiacha kazi akakaa tu nyumbani, picha inageuka: kazi pekee ndani ya nyumba itakuwa yako, kwa hiyo Uholanzi inatangulia na Ujerumani inajazia tofauti. Hela mwisho wa siku inakaribiana, tatizo ni nani amekulipa. Mke wangu alipoacha kazi ili asome hatukumtaarifu mtu, tukaendelea kupokea yote upande mmoja, baadaye ikaja barua ya kurudisha miezi kumi na moja, na huku upande wa pili bado hata faili halijafunguliwa. Tulikula maharage.

Ukipoteza kazi kabisa, mafao ya kukosa ajira unalipwa na Ujerumani unakoishi, ingawa michango ulilipa Uholanzi, na wanahesabu kwa mshahara wako wa Uholanzi. Nenda kajiandikishe Aachen siku za kwanza kabisa, na uombe Uholanzi fomu ya U1 inayoonyesha umefanya kazi muda gani. Usisubiri U1 ndo ujiandikishe, mwenzangu mmoja wa ghalani alifanya hivo akapoteza wiki kadhaa.

Pensheni, wengi wanaogopa bure. Kila nchi inatunza miaka yako na kila moja italipa kipande chake. Ujerumani inataka miaka 5 ya michango ndo upate ya uzee, mimi nina minne tu, ya kuosha vyombo jikoni, na watu waliniambia hiyo imeliwa. Haijaliwa, wanajumlisha na miaka ya Venlo kuona kama nimevuka 5, nimevuka, wananilipa kwa ile minne. Uholanzi kwenye AOW (pensheni ya uzee ya serikali yao) kila mwaka uliokatwa makato ni asilimia 2, ukitaka nzima ni miaka 50, hivyo miaka yako 10 ni asilimia 20. Miaka ya NSSF ya nyumbani haiingii kwenye hii hesabu ya Ulaya. Na jua kwamba AOW unajijengea wewe unayevuka, mumeo anayebaki Aachen hajengi chochote huko.

Cha kufanya kabla hujasaini: andikia HR barua pepe fupi, waulize kama wataomba A1 kwa makubaliano ya kufanyia kazi nyumbani, waambie wazi na ile ya mikate. Wakijibu, lete jibu lao hapa tulisome pamoja, futa jina lako na la kampuni kwanza.