Mwanangu, wazee usiwaache

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Unasema mwenzako mmoja kwenye bendi kakwambia unapiga saksafoni kama Coltrane wa kukopi, yule gwiji wa jazz, sasa unaniuliza, mama, niache kabisa kuiga solo za wazee wa jazz, vile vipande wanavyopiga peke yao, ili nipate sauti yangu? Hapana baba, usiache.

Mi saksafoni siijui hata noti moja lakini nimelala na kuamka nayo humu ndani tangu uko shule, na huyu Sonny Rollins, mpiga saksafoni uliyenifundisha mwenyewe kumsikiliza ndo naona ana jibu lako. Kazaliwa New York 1930, wazazi wake asili yao Visiwa vya Virgin kule Karibiani, na ujanani alimzimikia Coleman Hawkins, mzee wa saksafoni, mpaka akaenda kumsubiri mlangoni kwake apate saini yake, na upigaji wa Charlie Parker, mpiga saksafoni mwingine, akausoma vilivyo. Haya, 1956 anarekodi "St. Thomas", ngoma za Max Roach zinafungua, halafu inaingia ile melodi, kumbe ni kalipso, muziki wa Karibiani, aliyokuwa anaisikia kwa mama yake utotoni! Ujuzi kautoa kwa wazee wa jazz, wimbo kautoa nyumbani, na ukisikiliza huwezi kuonyesha mshono uko wapi.

Halafu 1959, jina limeshakuwa kubwa, akaacha shoo zote maana aliona sifa zimemzidi uwezo. Akawa anapanda daraja la Williamsburg, hapo hapo New York, kupiga mazoezi asisumbue majirani, masaa na masaa, treni zinapita pembeni, mpaka 1961. Wengi walitegemea atarudi na muziki mpya kabisa, karudi na jazz ileile, ila imekomaa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni 1963, yupo studio moja na Hawkins mwenyewe, yule wa mlangoni, na hamwigi hata kidogo! Anapindisha noti, anakatiza sentensi, anapuliza vitu vya ajabu pembeni ya mzee. Huwezi kumkwepa mtu hivyo kama hujui kila kona anayopita, na kona zile alizijua kwa miaka ya kumfuata nyuma.

Sasa nikwambie kitu hujawahi kujua nimekisikia. Ulikuwa na miaka 15, umejifungia chumbani, ukaanza kuutafuta ule wimbo niliokuwa nakubembelezea, mstari wa tatu ukakushinda, ukarudia, ukarudia, ulipoupata ile noti ya mwisho ukaivuta ikashuka taratibu kama bibi yako alivyokuwa anaivuta, mi nimesimama koridoni na nguo za kukunja mkononi nashindwa kuondoka. Hiyo Coltrane hakukufundisha.

Endelea na solo zake asubuhi. Usiku nipigie ule wimbo, urekodi kwa simu unitumie, hata kama mstari wa tatu bado unasumbua.

Mamako